Kamera Haioni, Mkojo Unasema

Nawaandikia hasa wale walioambiwa kwamba uvimbe umetolewa wote, wakamshukuru daktari, kisha wakasikia neno la mwisho wakiwa tayari wameshika kitasa cha mlango: "Lakini tutaendelea kukufuatilia." Mimi nilidhani kufuatiliwa ni jambo jepesi kuliko kuugua. Kwangu haikuwa hivyo. Nilipougua nilikuwa na kitanda, dawa na watu wa kunipa pole. Nilipofuatiliwa sikuwa na kitu ila kungoja, na kungoja ndiko kulikonibana hasa.

Naitwa Wekesa. Mimi ni dereva. Kwa miaka mingi nimemwendesha Mama Njoki, mjane wa Spring Valley ambaye macho yake hayamruhusu tena kushika usukani. Mimi mwenyewe nakaa Kabiria, kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, pamoja na mke wangu Nafula. Binti yetu Nekesa ameolewa Nakuru. Kwetu hasa ni Kimilili, na tulikuwa tumekubaliana kurudi huko nikistaafu, tulime shamba letu dogo, tuzeeke tukiwa na jogoo badala ya kengele ya simu.

Asubuhi moja, katika choo cha wafanyakazi nyuma ya jikoni kwa Mama Njoki, nilikojoa damu. Haikuuma hata kidogo. Nilisimama nikiitazama, nikajaribu kukumbuka kama nilikuwa nimekula bitiruti. Sikuwa nimekula. Jioni nilimwambia Nafula, naye akaacha kukanda unga.

"Mwanaume hatoki damu huko bure, Baba Nekesa. Kesho unaenda hospitali."

"Kesho Mama ana safari."

"Atatembea."

Ndivyo nilivyofika hospitali moja ya Parklands, kwenye chumba cha kungojea ambacho baadaye nilikijua kuliko sebule yangu. Viti vya plastiki vimefungwa pamoja kwa chuma, kwa hiyo jirani akitikisa mguu nyote mnatikisika. Televisheni haina sauti. Wazee wa kila kabila la mji huu wamekaa na chupa zao za maji, na kila mmoja anaepuka macho ya mwenzake, kwa sababu sote tunajua ni sehemu gani ya mwili iliyotuleta pale.

Daktari wangu alikuwa mwanamke mwembamba ambaye angeweza kuwa rika la Nekesa. Aliponieleza kwamba atapitisha kamera nyembamba katika njia ya mkojo hadi kwenye kibofu, nilitazama ukuta. Mtu wa kwetu hafunguliwi suruali na binti yake. Akasema polepole, "Mzee, mimi nakuja kutafuta ugonjwa tu. Hayo mengine sina haja nayo." Nilicheka bila kutaka, na kucheka kule kulinisaidia kulala chali.

Kamera ilionyesha uvimbe uliokaa kama mwani kwenye jiwe. Wiki iliyofuata walinilaza, wakaukwangua. Niliamka na mpira wa mkojo umetoka mwilini mwangu hadi kwenye mfuko ulioning'inia kando ya kitanda, na mkojo humo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi. Nafula alikuja, akautazama ule mfuko, akauhamishia upande wa ukutani ili wageni wasiuone. Majibu yalipokuja, yalisema ni saratani, ila haijazama kwenye msuli wa kibofu. Daktari alisema hiyo ni habari njema. Nilijifunza siku hiyo kwamba ukiwa mgonjwa, habari njema hubadilika umbo.

Msimu wa baridi ulikuta niko kwenye dawa. Kila wiki, kwa wiki sita, walinipitishia mpira na kumimina ndani ya kibofu dawa inayotokana na ile chanjo ya kifua kikuu wanayochanjwa watoto mkononi. Unapaswa kuizuia dawa humo kwa saa mbili, ukigeuka ubavu huu na ule kama chapati. Nikienda choo baadaye, nilitakiwa kumwaga dawa ya kuua vijidudu na kuiacha kwa muda kabla ya kusafisha. Choo cha ploti yetu ni cha watu wote. Ilikuwa Julai, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati, na nje ya mlango kulikuwa na foleni ya wapangaji na taulo mabegani.

"Mzee, uko sawa huko ndani?"

"Niko sawa."

"Harufu imekuwa kali, ama unapiga rangi?"

Mwili wangu ulikuwa umeniasi. Ningetoka chooni, nifike mlangoni kwangu, nigeuke tena. Kila mkojo ulikuwa kama kupitisha pilipili. Nilijua kila kituo cha petroli kutoka Kabiria hadi mjini chenye choo kisichofungwa kwa kufuli.

Siku moja nilikuwa nikimpeleka Mama Njoki benki mjini. Kwenye barabara ya Waiyaki magari yalisimama kabisa. Mbele lori, nyuma lori, kando ukuta wa saruji. Nilianza kutoka jasho.

"Wekesa, mbona unatetemeka?"

"Ni baridi tu, Mama."

Nilishika usukani kwa nguvu zote, nikaomba, nikahesabu magari, na mwishowe kibofu kikafanya kilivyotaka. Nilihisi joto likishuka mapajani na kuingia kwenye kiti cha gari lake. Mtu mzima, mwenye mjukuu. Mama Njoki alikuwa nyuma yangu, na ndani ya gari lililofungwa vioo nilijua amejua.

Tulipofika mahali pa kugeuzia gari, akasema, "Turudi nyumbani. Nimesahau miwani yangu."

Nilimwona kwenye kioo. Miwani ilikuwa usoni mwake.

Nilingoja anifute kazi. Badala yake, kuanzia wiki ile, kila tukitoka aliniamuru nisimame karibu kila kituo cha petroli. "Uzee huu, Wekesa, siwezi kukaa na mkojo. Simama hapo. Na wewe nenda, usikae tu." Hakuwahi kushuka hata mara moja. Alikuwa akibaki garini akisikiliza redio hadi nirudi.

Oktoba, miti ya jakaranda ilipoanza kumwaga maua yake ya zambarau, kamera iliingia tena. Daktari alinigeuzia skrini nione mwenyewe: ukuta wa waridi, laini, hakuna kitu. Jumapili iliyofuata tulisimama mbele ya kanisa na Nafula tukatoa shukrani. Watu waliimba, mchungaji akaniwekea mkono kichwani, nikaambiwa nimepona. Nafula alipika kuku wawili. Usiku huo alianza kuzungumza habari za Kimilili, wapi tutaweka tangi la maji, ng'ombe wa aina gani.

Lakini siku ile ya kamera nilikuwa pia nimeacha mkojo wangu kwenye chupa. Daktari alikuwa amenieleza kwamba uvimbe ule uliokwanguliwa ulikuwa na makosa yake katika jeni, kama mtu ambaye kila akiandika hukosea neno lile lile. Maabara ilikuwa imeyasoma makosa hayo. Sasa wangekuwa wakiyatafuta kwenye mkojo, maana kama chembe za ugonjwa zipo mahali, huacha alama zao humo hata kabla ya jicho kuona kitu. Niliitikia kwa kichwa. Nilidhani ni mambo ya kumalizia tu.

Baada ya wiki kadhaa aliniita.

"Mzee Wekesa, kamera haikuona kitu. Lakini mkojo una zile alama."

"Kwa hivyo imerudi?"

"Sijui. Inawezekana iko mahali ambapo ni ndogo sana. Inawezekana haitakuja kuonekana kwa muda mrefu. Tutarudia vipimo, na mapema kuliko tulivyopanga."

"Lakini mimi ni mgonjwa au si mgonjwa?"

"Hilo ndilo swali ambalo bado siwezi kukujibu."

Nilimpelekea Nafula maneno hayo kama yalivyo. Alikaa kitandani akiwa ameshika kitambaa chake cha kichwa.

"Kanisa zima limetoa shukrani," alisema. "Nimepika kuku. Sasa nitawaambia nini?"

"Usiwaambie kitu."

Hatukuwaambia. Na hapo ndipo nilipofungiwa. Watu walinisalimia kwa furaha, "Ona vile Mungu ni mwema!" nami nikajibu "Amina" na moyo ukiwa umekauka. Singeweza kuomba ruhusa ya kupumzika, kwa sababu sikuwa mgonjwa. Singeweza kupanga jambo la mwaka ujao, kwa sababu sikuwa mzima. Viatu vyangu vilitoboka nikaona hakuna haja ya kununua vingine. Kila nilipokojoa nilitazama. Niliukagua mkojo wangu kwenye mwanga wa dirisha, mimi nisiyejua chochote, nikitafuta jeni kwa macho.

Kitandani tulilala kama abiria wawili wasiojuana. Nafula alikuwa akinigusa begani, mimi nikijifanya nimelala. Nilihisi kwamba mwilini mwangu kuna mtu wa tatu ambaye kamera haimwoni, na kwamba anatusikiliza.

Januari, kamera tena: safi. Mkojo tena. Wakati wa kungojea majibu ya mkojo, mvua za masika zilikaribia na Nafula akaanza kufunga mizigo.

"Unaenda wapi?"

"Kimilili. Kupanda."

"Unaniacha?"

"Baba Nekesa, tangu jakaranda unanitazama kama ukuta. Nikikuuliza umelalaje, unasema sawa. Nikikupikia, unasema sawa. Mimi nimengoja na wewe, lakini mvua haitangojea mkojo wako. Shamba lisipolimwa sasa, ndugu zako watasema tumekufa."

Alikuwa na haki, nami sikumwambia. Nilimbebea mfuko hadi kwenye basi, tukaagana kwa mkono kama watu wa ofisini.

Majibu yakaja akiwa ameenda. Alama zilikuwa zimeongezeka.

Nilimwambia daktari, "Basi toa kibofu chote. Kikate, nikae na mfuko tumboni, lakini nijue."

"Siwezi kumtolea mtu kiungo kwa sababu ya alama peke yake, Mzee. Nikitoa, sirudishi." Alisogeza kiti karibu. "Nataka nikulaze, nikate vipande vidogo kutoka sehemu mbalimbali za ukuta wa kibofu. Hata pale panapoonekana pazima."

"Unikate pazima?"

"Ugonjwa huu wakati mwingine hukaa bapa. Haujitokezi. Mkojo unatuambia tutafute."

Nilimshukuru, nikatoka, nikapita meza ya kupangiwa siku bila kusimama. Nilitembea kwa miguu kutoka Parklands hadi mjini, katikati ya watu wanaokimbilia magari, nikakaa kwenye ukingo wa bustani moja ambapo wasio na kazi hulala mchana. Nilichoka. Nilichoka kuwa nyumba inayopekuliwa. Mpira tena, damu tena, kulala chali kwa aibu, na baada ya hapo pengine waniambie tena, "Hatujaona kitu, tutarudia." Nilijiambia: kama niko mzima kwa macho, acha niwe mzima. Niende zangu nyumbani. Ikirudi, itanikuta shambani.

Nilimpigia Nafula nikamwambia naacha kazi, naja, na sitarudi tena hospitali. Nilitarajia afurahi. Ndiye aliyetaka turudi kwetu.

"Daktari amesemaje?" aliuliza.

"Anataka kunikatakata pasipo na kitu."

"Nimeuliza daktari amesemaje. Sijauliza wewe umesemaje."

Nikamweleza. Nilisikia kuku nyuma yake, na upepo. Kisha akasema, "Usije."

"Nini?"

"Usije hapa na hiyo kitu ndani yako halafu nikutazame kila asubuhi nikijiuliza. Mimi pia nimefungwa, Baba Nekesa. Wewe unafikiri ni wewe tu? Nikipalilia nakuona. Nikilala nakuona. Usije hivyo."

"Kwa hivyo nifanye nini?"

"Ningojee."

Alifika kesho yake jioni, mabonge ya udongo mwekundu bado kwenye kandambili zake. Maharagwe alikuwa ameyaacha bila kupaliliwa. Hakunikumbatia. Alioga, akanywa chai, akaniambia nitafute namba ya hospitali. Siku ya kulazwa alikaa kwenye vile viti vya plastiki tangu asubuhi, na nilipokuwa nikisukumwa kwenye kitanda chenye magurudumu nilimsikia akimwuliza mzee asiyemjua, "Na wewe ni kibofu pia?" Mzee yule, ambaye labda hakuwa amelitamka neno hilo kwa mtu yeyote, alijibu, "Ndiyo, mama. Mwaka wa tatu sasa." Nilipoondolewa mlangoni walikuwa tayari wanazungumza.

Majibu ya vipande tuliyapokea pamoja. Daktari alikuwa na uso mzito. Alisema vipande vyote vilikuwa safi isipokuwa kimoja, kutoka upande wa nyuma. Hapo palikuwa na saratani bapa, changa, ambayo kamera ilikuwa imepita juu yake mara zote bila kuiona. Bado haikuwa imezama.

Nilianza kulia. Daktari alinisogezea tishu akidhani ni huzuni. Haikuwa huzuni. Ninajua inavyosikika, na kama hujawahi kukaa mahali nilipokaa utaniona mwendawazimu, lakini siku niliyoambiwa saratani iko ndipo nilipopumua. Ilikuwa na mahali. Ilikuwa upande wa nyuma. Mtu anaweza kupigana na kitu kilicho upande wa nyuma.

Nafula alinishika goti. "Kwa hivyo mkojo haukudanganya," alisema.

"Haukudanganya," daktari akajibu.

Dawa ile ile ikarudi kibofuni, na baridi ya Julai ikarudi pia, na foleni ya choo. Mara hii Nafula ndiye aliyesimama mlangoni na ndoo. Kijana mmoja alipouliza kuna nini, alimwambia wazi, "Mzee wangu ana saratani ya kibofu, na dawa yake ni kali, kwa hivyo utangoja." Nilitaka kufa kwa aibu humo ndani. Lakini kuanzia siku hiyo hakuna aliyebisha mlango nikiwa chooni, na mama wa chumba cha mwisho akawa ananiletea uji bila kuulizwa. Jumapili moja Nafula aliwaeleza watu wa kanisa pia. Wachache walinuna, kana kwamba tulikuwa tumekula shukrani yao kwa udanganyifu. Wengi walikuja nyumbani wakakaa.

Kuna mambo sikuyapata tena. Sikojoi kama zamani, naamka mara nyingi. Ya chumbani tunayajua wenyewe, na tumejifunza kuyacheka. Nimeacha kusema "sawa" ninapoulizwa nimelalaje. Nikilala vibaya nasema vibaya. Kama wewe ndiye mgonjwa, mwambie mwenzako. Kama wewe ndiye mwenzake, usikubali kuachwa nje ya mlango.

Jakaranda zilichanua tena. Kamera ilikuta ukuta safi, vipande vikawa safi, na tukangojea mkojo. Safari hii tuliungojea wawili, na sitasema haikutubana. Ilitubana. Nafula alikuwa akiosha sufuria zilizo safi.

Tuliitwa asubuhi. Daktari alikuwa akitabasamu kabla hatujaketi.

"Alama hazipo."

"Zimeisha?" nikauliza.

"Sijasema zimeisha, Mzee. Nimesema safari hii hazipo. Tutarudia."

Zamani neno hilo, "tutarudia," lingenirudisha kutazama ukuta. Nilimtazama Nafula, naye alikuwa ameshasimama, anafunga kitambaa chake vizuri.

"Asante daktari," alisema. "Turudie lini?"

Tulishuka hadi mjini, tukaingia hoteli moja ya ghorofani yenye meza za mbao na kelele za watu wa mchana. Nafula aliagiza samaki wa kukaanga na ugali wa wimbi kabla sijafungua mdomo.

"Mwezi ujao tunahamia Kimilili," alisema.

"Na vipimo?"

"Nairobi haiendi popote. Tutakuwa tunakuja na basi. Ukitaka kushuka njiani, watasimama. Nikisema mimi, watasimama."

Nilijua watasimama. Tangu ugonjwa ule uanze nilikuwa nimezoea kunywa maji kwa kuonja tu kila nikitoka nyumbani, kama mtu anayekunywa dawa chungu, kwa hofu ya barabara. Daktari alikuwa akinigombeza kila mara, nami nikimdanganya kwamba nakunywa. Mhudumu alituwekea mezani glasi mbili ndogo za maji. Nilikunywa yangu mpaka chini, nikaisukuma kando.

"Niongeze nyingine?" mhudumu akauliza.

"Hapana," nikamwambia. "Lete jagi."